Ubatizo wa Marehemu Ndeti

Ukifika Nuu siku ya soko ukauliza kwa Katunge ni wapi, utaulizwa kwanza: Katunge wa kanisa au Katunge wa Ndeti? Usihangaike. Ni mtu mmoja. Wanaomwita wa kanisa ni wale waliookoka pamoja naye, na wanaomwita wa Ndeti ni wale waliokunywa kwa mumewe. Mwenyewe huitika yote mawili. Hiyo ndiyo habari yake kwa ufupi, lakini kaeni niwaeleze kwa urefu, maana kwa ufupi haitoshi.

Ndeti alikuwa mtu wa nyuki. Mizinga yake ilining'inia kwenye migunga kuanzia nyumbani kwake hadi chini ya mlima. Asali yake nyingine iliuzwa Mwingi, nyingine ikageuka kaluvu, ile pombe ya wazee, na hapakuwa na mahari iliyojadiliwa upande ule bila kibuyu kutoka kwake. Mlevi hakuwa. Alionja tu, kama mpishi anavyoonja chumvi.

Katunge aliokoka mwanawe Kimeu akiwa bado mgongoni. Ndeti hakumzuia. Enzi hizo kila mtu alijiletea kiti kanisani, na Ndeti ndiye aliyembebea mkewe kiti hadi langoni, akakiweka chini, akageuka kurudi kwa nyuki wake. Wenzake walimcheka. Akawaambia yeye amemleta mwenye kuingia, wanataka nini tena?

Miaka na miaka Katunge alimsihi aache kaluvu abatizwe. Ndeti akajibu kwamba siku nyuki watakapoacha asali, naye ataacha. Lakini msidhani alikuwa mtu wa kudharau. Jioni Katunge alisoma Biblia kwa sauti, naye Ndeti akichonga mzinga pale pale, na mkewe akiruka mstari, patasi ilisimama. "Rudi nyuma," alikuwa akisema, "umemwacha mtu njiani." Alijua Maandiko kuliko alivyokubali kuonyesha.

Kisha akapooza. Alianguka akitoka kwenye mizinga, upande wa kulia ukafa, na ulimi ukafa nao. Wazee wa kanisa walikuja kumwona, wakiongozwa na Evanson Gathua, mtu wa Murang'a aliyehamia Nuu zamani na kufungua duka la dawa za mifugo. Ni mtu mwaminifu, simsemi vibaya. Gathua akainama pale kitandani akamwuliza Ndeti kama anampokea Yesu awe Mwokozi wake, na kama anampokea, ainue mkono. Mkono haukuinuka. Akauliza tena, polepole zaidi. Ndeti hakumtazama Gathua, alimtazama Katunge, na macho yakamjaa maji. Wazee wakangoja, wakaomba, wakaondoka. Kwenye kikao chao ikasemwa kwamba mgonjwa aliulizwa na hakukubali.

Akafa siku chache baadaye. Na utaratibu wa kanisa lile ulikuwa hivi: mtu ambaye hakubatizwa, tena mtengeneza pombe, mchungaji hamziki. Jeneza halikuingia kanisani. Kina mama wa ushirika walikuja, maana Katunge alikuwa mwenzao, lakini walikuja bila vitambaa vyao vya sare, na walikuwa wameambiwa wasiimbe. Wakakaa pembeni wamekunja mikono. Musyimi, mdogo wa marehemu, alisema maneno machache ya ukoo, basi. Kimeu alikuwa ndiyo kwanza amemaliza shule ya upili. Alishika koleo akafukia, na kila aliyetaka kumpokea koleo, Kimeu alimpita kama hamwoni. Tangu siku hiyo hakukanyaga kanisa la mama yake.

Katunge mwenyewe alirudi Jumapili iliyofuata. Watu walimshangaa. Alisema hakuwa amemfuata Gathua wala mchungaji hapo mwanzo, kwa hiyo hakuona ni vipi wao wangemwondoa. Baadaye wakamchagua kuongoza ushirika wa kina mama. Lakini jioni hakusoma tena kwa sauti. Alisoma midomo ikicheza tu, na swali moja halikumwacha, nalo hakumwambia mtu: Ndeti yuko wapi sasa?

Kimeu akaenda Mwingi kujifunza kuchomelea milango na madirisha ya chuma. Siku moja ya jua kali, vijana wawili wa mashati meupe na tai, wenye vibandiko vya jina kifuani, walisimama kwenye kivuli cha kibanda alikofanyia kazi kuomba maji. Walikuwa wahubiri wa lile Kanisa la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ndio watu huwaita Wamormoni. Mmoja alikuwa Mganda. Walirudi kesho yake, na kesho kutwa. Kimeu alikuja kumwambia mama yake jambo moja ambalo Katunge hajalisahau. Alisema watu wote waliomhubiria kabla ya hapo walimwuliza yeye akifa ataenda wapi. Hawa walimwuliza baba yake alikuwa mtu wa namna gani.

Basi akabatizwa kwao. Katunge alisikia kwa watu. Kimeu alipokuja nyumbani akawekewa chai, akasema asante, hanywi tena chai ya majani. Kwa kanisa lake jipya chai hiyo ni mwiko. Mnajua kwetu kukataa chai ya mama ni neno zito. Katunge aliimwaga nyuma ya jiko bila kusema kitu, na safari iliyofuata akamchemshia maziwa matupu. Leo anakwambia hapo ndipo alipokosea. Alibadilisha kikombe, akaogopa kuuliza sababu. Wakaishi hivyo, mama na mwana, wakizungumza habari za mvua na bei ya ndengu, huku jambo lenyewe limekaa katikati yao kama mgeni asiyekaribishwa wala kufukuzwa.

Hekalu lao lilipofunguliwa Nairobi, Kimeu alikuja wakati wa kupanda. Alimsaidia mama yake hadi wakamaliza shamba la chini, kisha akakaa kando yake.

"Mwaitu," akamwambia, maana ndivyo Mkamba anavyomwita mama yake mzazi, "nataka kumbatiza baba."

Akamweleza. Kwao, mtu aliyekufa bila ubatizo anaweza kubatizwa kupitia aliye hai. Yeye Kimeu ataingia majini hekaluni, jina la baba yake litatajwa, na huko aliko Ndeti atakuwa na hiari ya kupokea au kukataa. Lakini kwa marehemu wa miaka ya karibu, kanisa lao halifanyi hivyo mpaka ndugu aliye karibu kuliko wote akubali, na aliye karibu kuliko wote ni mke. Kwa hiyo alikuwa anaomba neno moja tu. Ndiyo au hapana.

Katunge akasema atafikiri. Kimeu akarudi Mwingi.

Sasa muone jinsi mambo yanavyoharibika kwetu. Katunge hakulala vizuri wiki hiyo, na Alhamisi kwenye ushirika, ilipofika zamu ya kutoa mahitaji ya maombi, akasimama. Alisema hivi tu: mwanangu anataka kumbatiza baba yake, niombeeni nijue la kumjibu. Akaketi. Kina mama wakaomba kwa machozi, kweli kabisa. Lakini hitaji la maombi likishatoka kinywani lina miguu. Kanyiva, rafiki yake wa damu, alimwambia shemeji yake ili naye aombe. Shemeji akamwambia mtu wa kinu cha posho. Baada ya hapo haikuwa tena habari ya maombi. Watu walijua ubatizo ni mtu kuzamishwa majini, na Ndeti yuko chini ya ardhi. Kwa hiyo ikasemwa kwamba Kimeu anakuja na gari la Wamormoni kumfukua baba yake, wampeleke Nairobi, wamtumbukize kwenye tangi na wamrudishe.

Musyimi aliposikia hivyo hakumwuliza mtu. Kwa Wakamba kugusa maiti iliyokwisha kuzikwa ni kuuletea ukoo mzima balaa. Alikata matawi ya mgunga, yale ya miiba mirefu, akayarundika juu ya kaburi la kaka yake hadi likafanana na zizi la mbuzi. Katunge alimkuta anamalizia. Alimweleza kwamba sivyo, hakuna anayefukua. Musyimi akamwambia yeye ni mama, mama hudanganywa na mwanawe kwa urahisi, amwachie mambo ya ukoo.

Ndengu zikaiva, zikang'olewa, zikaanikwa. Kimeu akaja Jumamosi moja kumsaidia mama yake kuzipiga zitoke kwenye maganda. Hakuwa na habari yoyote. Alipofika uani akaona ile miiba, na baba yake mdogo Musyimi ameketi kando kwenye jiwe, panga mapajani, na vijana wa ukoo nyuma yake.

"Gari umeliacha wapi?" Musyimi akauliza.

"Gari gani, baba mdogo? Nimekuja na pikipiki."

"La kumbebea kaka yangu."

Kimeu alimtazama mama yake, akaitazama miiba, na polepole akaelewa. Katunge anasema uso ulimbadilika akadhani atapiga mtu. Badala yake akachuchumaa mbele ya Musyimi, kama mtoto anavyopaswa, akamweleza kwamba kaburi haliguswi hata kwa kidole. Ni yeye anayeingia majini, na la marehemu ni jina tu.

Musyimi akalizungusha hilo kichwani kwa muda. "Yaani uloe wewe, atakate yeye?"

"Ndivyo, kama atakubali huko aliko."

"Ndeti? Huyo hata mvua alikuwa anaikimbia."

Vijana wakacheka, na Musyimi akaliweka panga chini. Pengine yangeishia hapo. Lakini Kanyiva, kwa nia njema, alikuwa tayari amempigia simu mzee Gathua, naye akatokea na wazee wawili wa kanisa na karatasi mfukoni. Alikuwa amejitayarisha wiki nzima.

Sitawarudishia yote yaliyosemwa pale uani. Gathua aliuliza habari za mabamba ya dhahabu ambayo nabii wao alisema aliyapata ardhini, akauliza mbona hakuna anayeweza kuyaona leo. Kabla Kimeu hajamaliza kujibu akauliza habari za wake wa huyo nabii. Kabla ya hilo kuisha akauliza ni kweli wanafundisha mtu anaweza kufikia kuwa kama Mungu? Kimeu naye ni mwana wa Ndeti, ana kumbukumbu ya baba yake. Kila mstari aliopewa alirudisha mwingine. Alitaja pale Paulo alipowaandikia Wakorintho juu ya wale wanaobatizwa kwa ajili ya wafu. Gathua akasema Paulo hakuamuru jambo hilo, alilitaja tu akithibitisha ufufuo. Wakavutana hapo kama watu wawili na ngozi moja ya mbuzi.

"Mzee Gathua," Kimeu akasema, "kitabu chetu chenyewe umekisoma?"

"Sihitaji kuingia mto Tana kujua kuna mamba."

"Basi usinihesabie mamba meno."

Mtu akacheka, na hicho kicheko ndicho kilichoharibu. Gathua akasimama, akasema Kimeu ameuza roho yake na sasa anataka kuuza ya baba yake. Kimeu akasimama pia.

"Nyinyi ndio mlimfungia mlango," akasema. "Mlimwuliza mtu aliyepooza mkono ainue mkono."

Gathua alikunja karatasi yake, akaikunja tena. Halafu akasema kwa sauti ya chini, na nafikiri hakutaka kulisema, lilimtoka tu: "Alikuwa na mkono wa pili."

Neno hilo Katunge alikuwa amelibeba peke yake tangu siku ya kitanda. Mkono wa kushoto ulikuwa hai. Ndeti aliutumia kushika kikombe hadi jioni ile ya mwisho. Katunge aliwaza mara nyingi: labda hakuelewa, labda alidhani wanataka ule wa kulia, labda alichoka, labda alikataa. Sasa limesemwa mbele ya ukoo na mbele ya mwanawe.

Akainuka. "Ndeti hatapigwa mnada uani kwangu," akasema. Akamgeukia Gathua, akamwambia kwa heshima kwamba mengi aliyoyasema hata yeye anayaamini. "Lakini mzee, umeuliza kama mtu anayemimina ndengu guniani. Hukungoja hata moja ifike chini." Akawashukuru wazee kwa kufika, akawasindikiza hadi njiani. Musyimi akaanza kuvuta miiba yake, taratibu, bila kumtazama mtu, na vijana wakamsaidia.

Kimeu alitaka kuondoka. Mama yake akamwambia ndengu bado hazijapigwa. Basi wakatandaza turubali, wakamwaga zile ndengu kavu na maganda yake, kila mmoja akachukua fimbo, wakaketi wakitazamana na kuanza kupiga. Kazi hiyo mnaijua, haiendi haraka, na watu wawili wakipiga lazima wapishane, ama fimbo zitagongana.

Katunge akasema, "Tuulizane moja moja. Ukiniuliza nitajibu, halafu wewe utasema nilichosema, mpaka nikubali kwamba ndicho. Mimi nami nitafanya hivyo kwako. Gathua hakujui, na mimi nimeona leo kwamba nami sikujui. Nilikubadilishia chai nikanyamaza."

Kimeu akauliza kwanza kwa nini alirudi kwenye kanisa lililomtupa baba. Katunge akamjibu: wale watu walikosea, na hakuwahi kuwaambia wamekosea, na angepaswa. Lakini aliyemwokoa si wao. Kimeu akarudia, "Unasema walikosea, lakini Yesu hakukosea." Mama yake akasema ndiyo, hivyo hivyo.

Zamu yake. Alimwuliza huyo Yesu wanayemhubiri ni nani. Kimeu akafurahi, maana alidhani hapo hawatapishana. Akasema ni Mwana wa Mungu, alikufa kwa ajili ya dhambi zetu, akafufuka. Katunge akasema hayo wote wanayasema, amwambie zaidi. Na Baba yake je? Kimeu akaeleza, na hakuficha, hilo Katunge anamsifu hadi leo. Akasema Baba na Mwana na Roho ni watatu mbalimbali, wamoja kwa nia, na kwamba Baba ana mwili mtukufu wa nyama na mifupa. Na roho zetu sote ni watoto wake tangu kabla hatujazaliwa, na Yesu ndiye mzaliwa wa kwanza kati yetu.

Fimbo ya Katunge ikasimama. Akarudia maneno hayo, moja baada ya jingine, na Kimeu akasema ndivyo.

"Mimi naamini Mungu ni mmoja," Katunge akasema. "Ni Roho, na Mwana hakuwa na mwanzo. Hakuwa wa kwanza katika sisi. Ni yeye aliyetuumba."

"Unasema Yesu ni Muumba, si kaka yetu mkubwa."

"Hivyo. Basi hapo njia zimeachana, mwanangu. Tusidanganyane kwamba ni neno moja kwa sababu tunatamka Yesu wote wawili."

"Sidanganyi, mwaitu. Najua."

Wakaendelea kupiga. Ilikuwa huzuni, lakini ilikuwa afadhali kuliko maziwa. Kisha Kimeu akauliza lile lililomleta.

"Baba. Unasemaje?"

Katunge anakiri kwamba hata pale, fimbo mkononi, hakuwa na hakika kinywa chake kitatoa nini. Fikirini nafasi yake. Neno moja, na mwanawe angefurahi kama hajawahi kufurahi tangu mazishi. Neno moja, na jioni angeweza kujiambia kwamba kuna kitu kimefanywa kwa ajili ya Ndeti, hata kama hakiamini sana. Nani angejua? Nani angedhurika? Alisema moyo wake uliinuka kabisa kwenda kulisema.

"Hapana," akasema.

Kimeu hakuinua macho. "Sema kwa nini, nikurudishie."

"Nikisema ndiyo, nitakuwa nimesema kwamba kile Yesu alichomaliza msalabani kilikuwa kinangoja Kimeu apate siku ya kwenda Nairobi. Baba yako akiwa alimpokea, hahitaji maji yako. Akiwa alimkataa, mimi sina kinywa cha kumkubalia. Sikuwa nacho alipokuwa hai. Ungejua nilivyojaribu."

Kimeu akaanza kurudia, akafika katikati, akaacha. Alipiga ndengu kidogo. Halafu akauliza, "Na kama hakuweza? Kama alitaka na mwili ukakataa?"

"Mungu hangojei mkono. Yule mwizi pale msalabani mikono yake ilikuwa imepigiliwa."

"Kwa hiyo yuko wapi?"

Sasa, huyu ni mama anayeongoza wenzake, anayesimama kila Alhamisi kuwafariji wajane wengine. Anayo majibu ya kufariji, ameyatoa mara nyingi. Aliendelea kupiga mpaka Kimeu akaacha.

"Sijui," akasema.

"Mimi nakuletea njia ya kujua."

"Unaniletea njia ya kupumzika. Na nimechoka, Kimeu, usidhani sijachoka. Lakini kupumzika si kujua."

Hapo Kimeu alikasirika, si kwa kelele, kwa ile hasira ya baba yake ya kunyamaza na kukaza taya. Akamwambia kwamba kwao familia hufungwa pamoja hata baada ya kaburi, mume na mke na watoto, na kwamba yeye hakulitafuta kanisa hili kwa sababu ya mabamba ya dhahabu wala manabii. Alilitafuta kwa hilo. "Sasa tutakuwa familia gani huko, mwaitu? Baba kivyake, wewe kivyako, mimi kivyangu?"

Katunge alijua alichofundishwa, kwamba tumaini lake ni Kristo wala si ukoo, na analiamini. Lakini kulitamka mbele ya mtoto aliyemzika baba yake peke yake kwa koleo, aliona ni kumrushia jiwe. Kwa hiyo alimwambia kwamba kwa hilo hatamjibu leo, kwa sababu jibu alilo nalo ni la kweli na bado hajui namna ya kulisema vizuri.

Kimeu akauliza kama anaweza kumwuliza tena habari ya ubatizo, baadaye.

"Uliza. Nitakwambia hivyo hivyo, Mungu asiponionyesha vingine. Lakini usiulize kwa simu. Uje."

Hakusema atakuja. Walimaliza kupiga, wakapepeta, wakajaza magunia, jua likiwa limekwisha kugeuka. Akavua nguo za kazi, akanywa maji tu, akawasha pikipiki, akaenda ili awahi ibada ya kwao Mwingi kesho yake. Hakuaga vizuri. Katunge alisimama njiani hadi vumbi likatua, na anasema alipokuwa amesimama pale aliwaza kwamba huenda amewapoteza wote wawili kwa neno moja, wa kaburini na wa pikipiki.

Jumapili alikwenda kanisani. Baada ya ibada alimfuata Gathua hadi kwenye pikipiki yake, akamwambia kile ambacho hakuwahi kusema: kwamba kumnyima Ndeti mazishi ya kanisa kulikuwa kosa, mkono wa kushoto au wa kulia, na kwamba kama wanataka kujadiliana na Mmormoni yeyote waanze kwa kuuliza ni nani aliyemwumiza. Gathua alisikiliza hadi mwisho. Alisema utaratibu hakuuweka yeye. Kisha akasema atalifikisha kwenye kikao. Sijui kama amelifikisha.

Kanyiva alikuwa anamngoja langoni, amejawa na hatia ya ile simu. Alitaka kujua imekuwaje, kijana amekubali, amerudi kwa Bwana?

"Hajarudi," Katunge akamwambia. "Ameondoka amenikasirikia."

"Sasa utafanyaje?"

"Nguo zake za kazi ameziacha kwangu," Katunge akasema. "Nitazifua."